Hati ya nyumba au wadhamini wawili? Mikopo niliyotumia kwa duka la Chake Chake

Nimetumia aina zote mbili kwa duka la vyakula: mkopo wa benki uliofungwa kwa hati ya nyumba, na mkopo wa taasisi ndogo usiotaka mali yoyote, ila wadhamini wawili. Waliokopesha siwataji, maana masharti hubadilika na tawi moja halifanani na jingine.

Usio na dhamana ndio unaovutia, basi nianze nao. Karatasi ni chache: kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, barua ya sheha, leseni ya biashara, taarifa ya akaunti na ya pesa za simu ya miezi 6, na wadhamini wenye kipato. Afisa mikopo huja dukani mwenyewe, akahesabu mapolo ya mchele, akapekua daftari la mauzo. Hapo ndipo wengi tunapokatwa kiwango. Fedha taslimu uliyopokea na kuitumia bila kupitia akaunti wala simu, kwake hujauza. Na daftari lililojaa madeni ya majirani yasiyofutwa linakuonyesha kuwa mali yako iko mikononi mwa watu. Mimi pesa ziliingia siku ya tano.

Bei yake sasa. Milioni 3 kwa miezi 6, "asilimia 3 tu kwa mwezi". Riba hii ni bapa: unatozwa 90,000 kila mwezi mpaka mwisho, hata deni likiwa limebaki laki 5. Rejesho ni 590,000. Ukiipiga hesabu kwenye salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu, unalipa karibu asilimia 5 kwa mwezi. Juu ya hapo, ada ya asilimia 2 na bima ya asilimia 1 hukatwa kabla hujagusa kitu, ukapokea 2,910,000 na kurudisha kama aliyepokea zote. Ndiyo maana sikuhizi siulizi asilimia. Nauliza: mkononi napata shilingi ngapi, na jumla narudisha shilingi ngapi? (Anayekataa kuyaandika majibu hayo mawili ni wa kausha damu, mkopeshaji wa kunyonya, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi.)

Wala neno "usio na dhamana" lisikudanganye. Dhamana ipo, ni shemeji yako aliyetia saini. Rejesho likichelewa yeye ndiye anayepigiwa simu, na jina lako linakwenda kwenye taarifa za wakopaji ambazo benki huzitazama kabla ya kukukopesha.

Mkopo wa hati ni rahisi kwa bei na mzito kwa safari. Chukua milioni 10 kwa mwaka, asilimia 18. Kwa riba ya salio linalopungua rejesho ni kama 916,800, na riba yote ni milioni 1 na kidogo. Kwa riba bapa ya asilimia ile ile, rejesho ni 983,333 na riba milioni 1.8. Asilimia haijabadilika, laki 8 zimeondoka. Soma mkataba uone neno lipi limeandikwa.

Safari yenyewe huanzia kwenye karatasi. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na tunachomiliki ni haki ya matumizi. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya sheha inakutosha kujenga na kukaa, lakini benki inataka hati iliyosajiliwa. Nyumba ikiwa bado kwa jina la marehemu babu, hapana njia ya mkato: mirathi kwanza, kila mrithi aridhie, ndipo jina libadilishwe. Na tazama herufi. Hati ikisema Khamis na kitambulisho kikisema Hamisi, faili linarudi mpaka ulete hati ya kiapo. Mke au mume huitwa kuridhia kwa saini, kwa hiyo asiwe anasikia habari hiyo benki.

Mthamini analipwa na wewe. Ataandika thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka, na benki hukopesha sehemu ya ile ndogo. Ongeza usajili wa rehani na bima ya moto. Kwangu ilichukua wiki saba, na gharama hizo ni karibu zile zile ukikopa milioni 4 au 20. Kwa hiyo mkopo mdogo wa hati haulipi.

Anayekimbia riba ana njia ya murabaha. Unapeleka ankara ya muuzaji, benki inanunua friza, kisha inakuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa siku ya kwanza. Haipandi. Lakini fedha hazipiti mkononi mwako, kwa hiyo kodi ya fremu hailipiki kwa njia hiyo, na usilinunue friza kwanza ukaja na risiti: benki haiwezi kukuuzia kitu ambacho tayari ni chako.

Mimi nagawa hivi. Mchele na sukari vinavyotoka ndani ya wiki tatu, mkopo mfupi wa wadhamini, na nyumba haiguswi. Friza au upanuzi wa duka unaojirudisha kwa miaka miwili, hati. Kulilipia friza kwa miezi 6 ni kulilipa kwa fedha ya mchele, na rafu zinabaki tupu. Tarehe nazo muhimu: Pemba fedha huonekana karafuu zikivunwa, basi omba marejesho yaanze humo, na uliombe kabla ya kusaini.

Ukimaliza deni, usitosheke na ujumbe wa hongera kwenye simu. Dai hati yenyewe pamoja na barua ya kufuta rehani, uzipeleke kwenye usajili wa ardhi. Bila barua hiyo kusajiliwa, hati iko kabatini kwako lakini kwenye daftari la serikali nyumba bado imefungwa.