Dodoma kwa biashara ya cherehani: nyota nne, ya tano nimeibana

Wenzangu wa Kariakoo kila siku wananiuliza kama Dodoma kuna hela. Ipo. Ila ina kalenda yake, na asiyeijua atafunga fremu mapema huku akiulaumu mji.

Nashona suti, kaunda na magauni ya ofisini. Wateja wangu karibu wote ni watumishi wa serikali. Kule Dar nilikuwa nawashonea zaidi wafanyabiashara, kwa hiyo kontena likikwama bandarini, na hela yangu ya ushonaji inakwama nalo. Huku mteja akikwambia subiri mshahara, mshahara unaingia na hela unaiona. Kwa fundi anayenunua kitambaa kwa fedha yake mwenyewe, hilo nalipenda kuliko msongamano wa wapita njia.

Na watu wapo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa 1973, lakini serikali ilianza kuhama kwelikweli 2016, na 2018 manispaa ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilikuta watu kama 411,000; ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Hao wote wanavaa.

Msimu wa mavuno ni Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Nyumba za wageni zinajaa, na mtu aliyekuja na suti mbili anakumbuka kwamba kamera zitamwonyesha kila wiki. Wengine wanataka koti liwe tayari kesho asubuhi (bei ya usiku ni nyingine, na wanalipa). Julai, kimya. Agosti Nanenane inajaza watu Nzuguni, ila wale wamefuata mbegu na mifugo, suti hawana habari nayo. Mwishoni mwa mwaka mahafali ya vyuo yananinyanyua tena, maana Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) peke yake ni mji mdogo.

Kilichobadilisha hesabu zangu zaidi ni SGR, treni ya reli mpya kutoka Dar, iliyoanza kubeba abiria hadi huku Julai 2024. Zamani kufuata kitambaa Kariakoo ilikuwa kukesha kwenye basi. Sasa ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwenda, unachagua rangi kwa macho yako, jioni unarudi. Majora mazito unayaachia basi. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa 31,000, nami nairudisha kwenye gauni moja. Lakini treni hiyohiyo inaniibia. Ijumaa mchana mteja naye yuko stesheni na begi lake, kwa sababu familia bado iko Dar, na akifika huko ana fundi wake wa zamani. Jumamosi yangu, ambayo Dar ilikuwa siku ya kuuza, huku nafanyia usafi wa mashine.

Fremu hapa Kisasa sikudaiwa kilemba, ile hela ya kupewa nafasi juu ya kodi. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ndiyo, na mwenye nyumba akiona wateja wanaingia anapandisha bila haya. Jambo lingine ni viwanja: vimepimwa tangu enzi za CDA, ile mamlaka ya kuustawisha mji iliyovunjwa 2017, na mitaa mingi imenyooka. Mteja mgeni namwelekeza kwa simu anafika. Jaribu hivyo Manzese.

Usidanganyike kwenda kufungua Mtumba eti kwa sababu wizara ziko kule. Ni kilometa zipatazo 17 kutoka katikati ya mji, na ikifika jioni wanapanda magari wote wanaondoka. Fuata wanakolala: Kisasa, Ilazo, Nzuguni. Mtu hapimwi suruali saa za kazi, anapimwa akiwa anarudi nyumbani.

Vumbi la kiangazi ni adui wa kitambaa cheupe, na maji ya mgao utayazoea kwa kununua tangi. Nyota niliyoibana ni ya mafundi. Wa kushona sketi ni wengi, ila anayejua kuunga kola ya koti ikalala vizuri ni wa kutafuta kwa tochi, na ukimpata, mwezi wa nne kila mwenye cherehani anamtaka.

Kama unakuja, njoo Februari. Utapata fremu kwa kujadiliana na fundi kwa bei ya kawaida, na Aprili ikikukuta mashine zimeshafungwa, umeme umeshaingizwa, utarudisha kodi yako kabla bajeti haijapitishwa.