Miezi mitano na hadubini ya pamoja hapa Moshi

Nafuatilia kutu ya majani ya kahawa, ugonjwa unaoletwa na kuvu, kutoka mashamba ya Kibosho, na kazi yangu yote ya kutazama naifanyia kwenye maabara ya pamoja hapa mjini, nalipia kwa saa. Hadubini ya fluoresensi, ile inayofanya sampuli ing'ae kwa mwanga mkali wa taa yake, siwezi kuinunua mwenyewe hata nikiuza shamba.

Kinachonirudisha pale ni msimamizi. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitu kabla hajanielekeza. "Dada, taa ya zebaki ukishaiwasha, isizimwe kabla ya nusu saa. Ukiizima, iache ipoe kwanza kabla ya kuiwasha tena." Nilimwona mkali. Kumbe balbu ile huhesabiwa maisha ya saa 200 hivi, na kuiwasha na kuizima ovyo kunaimaliza mapema. Kila mtu anajaza daftari: jina, muda, saa za taa, na hali ya lenzi alivyoikuta.

Daftari hilo lilinitetea mwezi wa pili. Niliweka slaidi, nikazungusha kwenye lenzi ya kukuza mara 40, picha ikaja na utando kama kioo cha daladala wakati wa masika. Nikadhani kosa ni langu. Nikakata jani jingine, nikatengeneza slaidi upya, mara tatu, asubuhi yote ikaisha na majani yananyauka. Msimamizi alipokuja aliinamia lenzi, akasema neno moja: mafuta. Daftari lilionyesha kuwa aliyenitangulia alitumia lenzi ya 100, inayowekewa mafuta, akazungusha bila kufuta, mafuta yakapaka ile ya 40 ambayo hutumika kavu. Aliisafisha polepole, kila mpanguso kwa karatasi mpya ya lenzi. Saa zangu nikarudishiwa bila mabishano.

Mchana ule ule niliziona spora, yaani chembe za uzazi za kuvu huyo wa kutu: rangi ya chungwa, umbo la figo, mgongo umejaa vijimiba na tumbo laini kabisa. Nilipowasha mwanga wa buluu, klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, iling'aa nyekundu. Nilimwita msimamizi naye atazame.

Ninalolilalamikia ni umeme. Hakuna betri ya akiba, na ukikatika hata dakika moja, taa inazimika na lazima tungoje ipoe, huku muda wa mtu unakwenda. Wiki iliyopita nilipoteza sampuli mbili hivyo. Waongeze ada kidogo wanunue betri, mimi nitailipa.