Gari la Kwenda Kliniki: Kuchagua Usafiri wa Bei Nafuu kwa Mwenye Ulemavu Jijini Nairobi

Tangu baba yangu apooze upande wa kushoto kwa sababu ya kiharusi, tumekuwa tukisafiri kutoka mtaa wa Umoja hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mara mbili kwa mwezi, na katika safari hizo tumepanda karibu kila chombo kinachobeba abiria katika jiji hili. Mwongozo huu nimeuandikia familia ambayo haina gari lake, ina mgonjwa anayetumia kiti cha magurudumu au magongo, na inalazimika kuhesabu kila shilingi. Bima haitoi jibu la jambo hili: Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, inaweza kumlipia mgonjwa huduma ya kusafishwa figo, lakini nauli ya kumfikisha kwenye mashine hiyo kila wiki hutoka mfukoni mwake.

Nimezipanga njia hizi kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi. Sikuzipima kwa nauli peke yake, bali kwa gharama ya siku nzima kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kliniki na kurudi, pamoja na nauli ya msindikizaji, nafasi ya kiti cha magurudumu na muda wa kusubiri.

Kabla ya kununua safari yoyote, muulize daktari kama safari yenyewe inaweza kufupishwa. Mazoezi ya viungo, kupima shinikizo la damu na kubadilisha bendeji ni huduma ambazo mara nyingi hupatikana katika hospitali za kaunti, na kwa sisi wa Umoja, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu kiasi cha kufikika kwa tuktuk. Baba alipoandikiwa barua ya kufanyia mazoezi karibu na nyumbani, safari za Kenyatta zilibaki za kumwona daktari bingwa tu, na hakuna punguzo la nauli nililowahi kupata linalokaribia akiba hiyo.

Nafasi ya kwanza nampa dereva wa teksi wa mtaani ambaye mnafahamiana na ambaye mnampigia simu moja kwa moja. Sababu yake ya kifedha ni rahisi kueleza. Kanuni za mwaka 2022 zinazosimamia kampuni za teksi zinazoitwa kwa programu ya simu ziliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 18 ya nauli, kwa hiyo katika safari ya shilingi 800 dereva anaweza kukatwa hadi shilingi 144. Mkikubaliana nje ya programu, fedha hizo ndizo mnazoweza kugawana, naye hupata mteja wa uhakika kila mwezi. Sisi tunalipa shilingi 1,500 kwa kwenda na kurudi, na bei hiyo haipandi mvua inaponyesha.

Hata hivyo, faida kubwa zaidi ni kwamba dereva huyu amejifunza. Anajua kwamba kiti cha mbele husukumwa nyuma hadi mwisho kabla mzee hajatoka kwenye kiti chake, kwamba kiti cha magurudumu hufungwa breki kwanza, na kwamba mzee huketi akianza na makalio ndipo miguu iingizwe. Hapa nchini mlango wa abiria wa mbele uko kushoto, na kiti cha magurudumu kikiegeshwa kando yake kikiangalia mbele, mgonjwa aliyepooza upande wa kushoto huingia akitanguliza upande wake wenye nguvu. Aliyepooza kulia hufaa aketi nyuma ya dereva, mradi gari liwe limeegeshwa ndani ya ua, kwa kuwa mlango huo hufungukia upande wa magari yanayopita. Mambo haya dereva mgeni hayajui, na nimemshuhudia mmoja akimvuta baba kwa mkono uliopooza, jambo ambalo linaweza kuteguza bega.

Ukimtafuta dereva wa namna hiyo, tazama gari kabla ya kutazama bei. Kiti cha chuma cha kawaida huwa na uzito wa karibu kilo 18, na kikikunjwa bado ni kirefu na kipana. Toyota Fielder na Probox hukipokea nyuma bila taabu. Vitz na Demio hukipokea ikiwa kiti cha nyuma kitalazwa, na hapo msindikizaji hujibana. Gari la juu kama Prado linavutia macho, lakini kumpandisha mtu asiyeweza kusimama ni kumwinua mzima. Hakikisha pia kwamba gari lina bima ya kubeba abiria wa kulipa, na mtumie ndugu aliyebaki nyumbani namba ya gari, kwa sababu nje ya programu hakuna anayefuatilia safari yenu.

Nafasi ya pili ni kukodi gari moja kwa wagonjwa kadhaa, na ningeliweka la kwanza kama lingepatikana kwa urahisi. Wagonjwa wa kliniki moja hupewa tarehe zinazolingana, na wanaosafishwa figo hukutana kila wiki kwenye mashine zilezile, kwa takribani saa nne kila mara, kwa hiyo wanaotoka mtaa mmoja wanaweza kuungana kama chama. Mkikodi Noah kwa shilingi 3,000 kwa siku na mkawa watatu, kila mmoja hutoa 1,000, na viti vyote vya magurudumu hupangwa nyuma. Ugumu wake ni kwamba sakafu ya Noah iko juu kuliko ya gari dogo, hivyo inamfaa anayeweza kusimama kwa kitambo kidogo, na kwamba anayemaliza mapema humsubiri wa mwisho. Mtu mwenye vidonda vya kulalia hapaswi kuketishwa kwa saa nyingi hivyo, hata kama mto wake ni mzuri.

Ya tatu ni teksi ya programu ya simu: Uber, Bolt, Little na nyinginezo. Ni njia nzuri sana ya kurudi, kwa sababu hakuna ajuaye foleni ya kliniki itakwisha saa ngapi, na gari la programu hulilipi kwa kusubiri saa zote hizo. Usidanganywe na bei ya chini kabisa kwenye skrini. Chap Chap ya Uber, iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa magari ya Suzuki Alto, ni nafuu kwa mtu mwenye magongo, lakini buti la Alto haliwezi kumeza kiti cha magurudumu. Chagua daraja la juu yake, kisha dereva akikubali tu mwandikie ujumbe kwamba kuna kiti kinachokunjwa na abiria anayehitaji dakika chache za kupanda. Wapo watakaofuta safari wakisoma hivyo. Inauma, lakini ni afadhali afute akiwa mbali kuliko akatae akiwa langoni, mgonjwa akiwa juani. Akidai nyongeza kwa sababu ya kiti, usilipe zaidi ya kiasi kilichoonyeshwa, na uripoti safari hiyo ndani ya programu.

Matatu nimeiweka ya nne, na najua wengi watashangaa kwa kuwa ndiyo inayoonekana nafuu. Hebu tuhesabu safari yetu. Kutoka Umoja tunahitaji matatu mbili, na kati yake tunavuka katikati ya jiji, kutoka pande za barabara ya Ronald Ngala hadi steji ya Railways, tukisukuma kiti kwenye njia za miguu zilizojaa watu na bidhaa. Kondakta hutoza kiti cha magurudumu nauli ya abiria, kwa hiyo tunalipa nauli tatu kila tunapopanda. Asubuhi, nauli ikiwa shilingi 100, hiyo ni 600. Adhuhuri, ikishuka hadi 60, ni 360. Jumla ni 960. Tofauti na teksi yetu ya 1,500 ni shilingi 540, na kwa kiasi hicho tunanunua kutombeba baba mgongoni kwenye ngazi za matatu mara nne kwa siku. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma, lakini ngazi za matatu bado zinafika karibu na goti la mtu mzima.

Hesabu hii hubadilika kwa anayepanda matatu moja tu na anayeweza kukwea ngazi akishikwa mkono. Kwa huyo, na kwa wengi wasioona au wasiosikia, matatu inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza, hasa baada ya saa tatu asubuhi, makondakta wanapokuwa na subira. Aombe kiti cha mbele, na ajue mapema atashushwa upande gani. Kwenye Barabara ya Ngong, atokaye mjini hushuka upande wa Hospitali ya Kenyatta, lakini atokaye Ngong au Dagoretti hushuka ng'ambo na itambidi avuke barabara.

Treni ya abiria ni nafuu, lakini inakuacha kituo cha katikati ya jiji, na bado utahitaji gari la kukufikisha hospitalini. Tuktuk naipenda kwa safari fupi za mtaani, kwa kuwa sakafu yake iko chini, ingawa mtikisiko wake haumfai mwenye jeraha la uti wa mgongo. Boda boda siipendekezi kwa mtu yeyote ambaye mwili wake haujisawazishi wenyewe, hata kwa umbali wa kutoka nyumbani hadi steji.

Kuna wale ambao orodha hii haiwafai kabisa. Anayetumia kiti cha umeme kisichokunjika, au asiyeweza kuinuliwa kutoka kwenye kiti chake, anahitaji gari lenye rampu, mara nyingi lile lililoundwa hivyo tangu Japani. Magari hayo ni machache Nairobi na bei yake ni ya juu, kwa hiyo yaagizwe siku kadhaa kabla. Kabla ya kuweka malipo ya awali, uliza kama lina mikanda minne ya kufunga kiti sakafuni na mkanda wa tano wa kumfunga abiria mwenyewe. Asiyeweza kuketi ndiye wa kuitiwa ambulensi, na hapo uliza kwanza bei ya kuhamisha mgonjwa asiye wa dharura, kwenda na kurudi, kwa kuwa gharama yake ni ya maelfu.

Njia yoyote utakayoichagua, thibitisha gari jioni ya kuamkia kliniki, na usimwite dereva wa kurudi mara tu mgonjwa anapotoka kwa daktari. Foleni ya dawa bado iko mbele yenu. Sisi humpigia wetu wakati karatasi ya dawa imeshapokelewa dirishani, naye hutukuta langoni baba akiwa amekwisha kunywa chai.