Uzoefu wangu na CODEOWNERS: kila badiliko la msimbo na mpitiaji wake

Mradi wa programu huria ninaouchangia nikiwa hapa Kisumu hutumiwa na zahanati kutunza kumbukumbu za dawa, na maandishi yake yako katika Kiingereza, Kiswahili na Dholuo. Zamani kila badiliko lilimsubiri yeyote ambaye angejitokeza kulipitia. Matokeo yake ni kwamba sentensi za Dholuo zilipitishwa na watu wasioisoma lugha hiyo, ilhali marekebisho ya hifadhidata yalikaa muda mrefu bila kuguswa. Ndipo tukaanza kutumia faili ya CODEOWNERS, ambayo GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na kushirikiana kuuandika, iliianzisha mwaka 2017.

Ni faili ya maandishi ya kawaida: kila mstari hutaja folda au aina ya faili, kisha majina ya wanaoisimamia. Badiliko likigusa folda hiyo, mfumo wenyewe humwomba msimamizi alipitie, isipokuwa likiwa bado rasimu. Mpangilio wa mistari una uzito mkubwa, kwa kuwa mistari miwili ikilingana na faili moja, ule wa chini ndio unaofuatwa. Kwa hiyo mstari wa jumla hukaa juu na ile mahususi huja baadaye. Sharti jingine ni kwamba anayetajwa awe na ruhusa ya kuandika katika hifadhi ya mradi. Kwetu hilo lilizua mjadala, kwa sababu anayesahihisha Dholuo vizuri kuliko sisi sote ni mwalimu wa Siaya asiyeandika msimbo kabisa. Wasimamizi walikubali kumpa ruhusa hiyo, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliouinua mradi kuliko mwingine wowote, maana mhudumu wa zahanati akisoma maelezo ya dozi yenye utata, anayeumia ni mgonjwa.

Hata hivyo, faili hii inajua nani anasimamia folda, lakini haijui nani ana nafasi. Wachache waliotajwa kila mahali walielemewa upesi. Tulipata nafuu tulipoandika jina la timu badala ya jina la mtu, kisha tukawasha ugawaji wa kazi ndani ya timu, ambao unaweza kwenda kwa zamu au kwa kusawazisha mzigo kulingana na maombi ambayo kila mmoja amepokea karibuni. Mimi napendelea kusawazisha, kwa sababu zamu haitambui kwamba mwenzako tayari ana maombi mengi mezani. Aliyeweka alama kwamba ana shughuli hurukwa.

Kinachonisikitisha bado ni kwamba mstari ukitaja watu kadhaa, idhini ya mmoja wao inatosha, hata kama ujuzi wao hautoshani. Mradi wa Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi, hutumia faili za OWNERS zinazotenganisha wapitiaji na waidhinishaji, na kiini cha mfumo endeshi wa Linux kina faili ya MAINTAINERS pamoja na get_maintainer.pl, programu ndogo inayomtafuta msimamizi na inayoweza pia kuchunguza historia ya mabadiliko ili kujua nani amekuwa akiigusa sehemu husika. Historia hiyo naitamani sana, kwa kuwa mara nyingi aliyeandika sehemu fulani miezi michache iliyopita anaikumbuka kuliko aliyeorodheshwa.

Kwa mradi wa watu wawili au watatu, sioni haja ya faili hii. Kwa mradi wenye lugha nyingi kama wetu, ningeanza na folda za tafsiri kabla ya folda nyingine yoyote.