Uzoefu wangu na Climate Data Store ya Copernicus: joto naliamini, mvua naihakiki

Kazi yangu hapa Dodoma ni kutafuta mvua za msimu zinaanza lini Bahi, Chamwino na Kongwa, na zinakatika siku ngapi katikati. Kwa kazi hiyo natumia Climate Data Store, hazina ya data za hali ya hewa ya mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya. Inaendeshwa na ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ambacho kompyuta zake kuu ziko Bologna, Italia. Ni bure. Unafungua akaunti, unakubali leseni ya seti ya data unayoitaka, basi.

Ninayoitumia zaidi ni ERA5. Wengi hudhani ni rekodi za vituo zilizokusanywa pamoja, sivyo. Vipimo vya miaka iliyopita, vya maputo, setilaiti, meli, ndege na vituo vya ardhini, vimeingizwa kwenye modeli moja ya angahewa, na kompyuta kuu ikakokotoa upya hali ya hewa ya dunia nzima, saa kwa saa, tangu 1940. Kwa hiyo hata nyika iliyo kati ya Bahi na Manyoni ina joto, upepo, unyevu na kanieneo ya hewa ya kila saa. Data mpya huingia baada ya siku 5 hivi. Miaka ya kabla ya 1979 naitumia shingo upande, maana data za setilaiti zilikuwa haba na vipimo vya Afrika vilikuwa vichache.

Tuje kwenye bando. Joto la kila saa la mwaka mmoja kwa dunia nzima, kwa hesabu yangu, linapita GB 18. Nani atapakua hiyo kwa bando la simu yake? Lakini ukitaja mipaka ya eneo lako, ukataji unafanyika hukohuko kwenye mitambo yao, nawe unapokea kipande chako tu. Mraba unaofunika Dodoma na majirani zake, kuanzia latitudo 4 hadi 7.5 kusini, una nukta 165 (mahali ambapo ERA5 inatoa thamani); mwaka mzima unakuja kwa MB chache. Mipaka inaandikwa kwa mpangilio wa kaskazini, magharibi, kusini, mashariki, na kusini mwa ikweta usisahau alama ya kutoa. Maombi hupangwa foleni, na kubwa husubiri kuliko dogo. Mimi naomba mwezi mmojammoja kwa skripti ya Python, yaani programu fupi, na kuiacha ikimbie usiku, bando likiwa rahisi. Mtandao wa hapa ukikata saa nane, skripti inaendelea ilipoishia.

Kinachowatesa wanafunzi ni mvua, na kwanza kabisa vipimo vyake. ERA5 inaandika mvua kwa mita. Mtu anafungua faili, anaona 0.004, anasema hakukunyesha. Kumbe hizo ni milimita 4 ndani ya saa moja. Zidisha kwa 1,000 kabla hujafanya lolote. Halafu kuna saa. Data za kila saa zote ziko kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3, na siku ya UTC inaanza saa 9 usiku wa kwetu. Kipima mvua cha kituo, kwa upande wake, husomwa saa 3 asubuhi, na kinachosomwa ni mvua ya saa 24 zilizotangulia. Ukijumlisha ERA5 kwa siku ya UTC na kuilinganisha na daftari la kituo, manyunyu ya alfajiri yanaangukia tarehe tofauti na utailaumu modeli bure. Mimi najumlisha kuanzia saa ya 07 UTC hadi ya 06 ya kesho yake. Na ERA5-Land, toleo la ERA5 la nchi kavu lenye gridi ya kilomita 9, ina tabia nyingine: mvua yake inalimbikizwa tangu saa 00, kwa hiyo lazima utoe saa iliyotangulia ili upate ya saa moja.

Hata ukiyafanya yote hayo, mvua ya ERA5 naipa 3 kati ya 5 kwa eneo letu. Kila nukta inawakilisha mraba wa karibu kilomita 28 kila upande, wakati wingu la Januari huku linaweza kulowesha shamba moja na kuliacha la jirani vumbi tupu. Modeli za namna hii pia hupenda kunyunyiza kidogokidogo siku nyingi. Kwa anayehesabu siku kavu kwa ajili ya mtama au alizeti, hilo ni tatizo kubwa: ukame wa wiki mbili unaonekana kama wiki mbili za rasharasha. Kwa hiyo tarehe za kuanza kwa mvua nazitoa kwenye CHIRPS ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, inayochanganya setilaiti na vituo kwa gridi ya kilomita 5 hivi tangu 1981, kisha nazihakiki kwa vipima mvua vilivyopo.

Joto, upepo na kanieneo naipa 5 bila kusita. Kuna hata seti ya takwimu za siku ambapo unachagua ukanda wa saa, UTC+3, na joto la juu na la chini linakuja likiwa limeshakokotolewa. Asiyejua Python aanze na seti ya nukta moja: unaandika latitudo na longitudo, unapata jedwali la CSV, unaifungua kwenye Excel.