Kadi ya ukaazi wa kidijitali kwa mtu wa komini ya Kenya: nyota mbili

Nyota ya kwanza naipa plastiki yenyewe. Ni kadi nzuri, nene, inang'aa, na picha yangu haikunifanya nifanane na mfungwa kama ile ya kadi ya mpiga kura. Nyota ya pili ni ya haraka. Nilijaza fomu, na siku ya 9 kijana wa vifurushi akanipigia simu kuuliza nakaa upande gani wa uwanja wa mpira wa Kibassa Maliba. Nikamwelekeza kama tunavyoelekezana sote Lubumbashi, mji wetu wa Kongo ambao Kenya ni mojawapo ya komini zake, yaani manispaa: pita duka la mikate, ukiona mwembe, uliza kwa mama fundi. Ningepaswa kushtuka hapohapo. Aliyeniletea kadi ya ukaazi alishindwa kufika kwangu kwa anwani.

Jina la mradi unaouza kadi hii silitaji, wala la soko la sarafu za kidijitali lililonisukuma kuinunua. Mimi ni mfasiri, Kifaransa na Kiswahili, wateja wangu wako ng'ambo. Soko hilo lilikuwa limeshika dola 340 zangu mpaka nionyeshe mambo mawili: mimi ni nani, na nalala wapi. Tangazo la kadi lilisema itanifungulia akaunti popote. Nikalipa.

Swali la kwanza kadi ililijibu, lakini kwa kusuasua. Fomu yao ina nafasi mbili tu za jina. Sisi tuna jina, postnomu (jina la pili la Kiafrika) na prenomu (jina la Kizungu), urithi wa rais Mobutu aliyetuvua majina ya Kizungu mwaka 1972, kisha majina yale yakarudi na kukuta postnomu imeshakaa. Niliibandika postnomu kwenye jina la kwanza, kadi ikatoka na mtu asiyelingana herufi kwa herufi na yule wa kadi ya mpiga kura. Na kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho tulicho nacho wengi. Kadi mpya ya taifa rais alikabidhiwa ya kwanza Juni 30, 2023; kwetu avenyu nzima sijaona ya pili. Barua pepe sita zikapita kuhusu postnomu tu.

Swali la pili, kadi ilikataliwa kwa dakika 4. Watu wa soko wanataka karatasi yenye jina langu na mahali ninapolala, isizidi miezi 3, isiwe sanduku la posta. Ukweli ni kwamba hawakukosea. Estonia, iliyoanza kutoa kadi za namna hii Desemba 2014, inasema bila kuficha kwamba haikupi ruhusa ya kuishi kule wala si hati ya kusafiria. Kadi yao haina hata picha. Ni ufunguo wa kutia saini kwenye kompyuta, una chipu na namba za siri, basi. Muuzaji wangu naye aliliandika hilo, sentensi moja, mwisho kabisa wa masharti. Niliisoma nikiwa nimeshalipa.

Utasema, si upeleke faktire ya SNEL, yaani ankara ya umeme? Faktire ya nyumba yetu inakuja kwa jina la aliyemuuzia nyumba mwenye nyumba wangu, na mzee huyo tulishamzika. Bila shaka nchi yetu kuwekwa kwenye orodha ya kijivu ya GAFI, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, Oktoba 2022 kumewaongezea hawa watu wa akaunti macho. Lakini marehemu hawezi kunishuhudia.

Yaya mmoja, yaani mkubwa wangu kwa umri, ninayefanya naye kazi ndiye aliyenicheka. "Umeenda baharini kutafuta maji, na bomba liko uani?" Nikaenda kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Akanitazama, akafungua daftari lake.

"Mwanangu, unakaa hapa miaka mingapi?"

"Sita, papa."

"Na kwa nani?"

Nikamtaja mwenye nyumba. Akaandika. Kutoka hapo nikaenda komini, nikalipa faranga 15,000, sikuombwa hata madesu, yaani hongo, na saa nane mchana nilikuwa na hati ya makazi yenye muhuri, sahihi, na majina yangu matatu yamepangwa kama mama alivyoyapanga.

Nikaituma. Ikarudi. Sababu: nchi niliyochagua hailingani na nchi iliyo kwenye hati.

Niliisoma mara tatu ndipo nikaelewa. Juu kabisa pameandikwa komini ya Kenya. Mashine yao iliniona niko Nairobi! Nikaandika kwa utaratibu kwamba Kenya hii ina soko, ina uwanja wa mpira, na iko Lubumbashi, Haut-Katanga. Nikaambatanisha ramani. Siku ya tatu mtu mwenye akili zake akajibu, akaomba radhi, akafungua akaunti.

Kwa hiyo, kama unatafuta namna ya kutia saini mikataba ukiwa mbali, kadi ya aina hii inaweza kukufaa. Soma masharti kuanzia chini kwenda juu. Kwa anwani, usitoe hata dola moja. Mimi hati yangu ya komini imeshapita miezi 3 na akaunti ya pili inataka mpya. Jumatatu narudi kwa papa shefu. Kadi inayong'aa inabaki kwenye droo.