Complicit ya Winnie M Li: kama unataka kuingia kwenye filamu, anza na hiki

Haya watu wangu mambo vipi, leo nina riwaya ya Winnie M Li inaitwa Complicit, ilitoka 2022, na kama unatamani kazi za filamu naomba uisome kabla hujapeleka maombi popote.

Kuna binti anaitwa Sarah Lai, wazazi wake Wachina wana mgahawa Flushing huko New York, kasoma chuo kikuu cha Columbia, nyumbani wanasubiri apate kazi ya maana, yeye huyo kaenda kujishikiza kwenye kampuni ndogo ya filamu bila mshahara. Simu apokee yeye, skripti arundikiwe yeye asome aandike ipi inafaa ipi haifai, na kumbe jicho analo, anajua hadithi imelegea wapi. Hapo ndo kitabu kilinishika, maana mwandishi mwenyewe alishafanya kazi ya uprodyuza na inaonekana, humu kuna bajeti, kuna kubembeleza watu wenye hela, kuna kugombania jina lako likae wapi mwisho wa filamu, na hilo sio dogo kwa sababu jina hilo ndo linakupatia kazi inayofuata.

Afu anaingia tajiri wa Uingereza, Hugo North, na kuanzia hapo hakuna anayethubutu kumwambia hapana. Sarah anasimulia yote 2017, miaka kama kumi imepita, sasa hivi anafundisha chuo, anahojiwa na mwandishi wa New York Times, mwaka uleule gazeti hilo lilipotoa kweli habari za Harvey Weinstein, yule prodyuza mkubwa wa Hollywood aliyetuhumiwa kunyanyasa wanawake kingono, kwahiyo baya unaliona linakuja. Ila jamani Sarah sio malaika. Alikitaka cheo, aliona vitu, akaendelea kupanga ratiba za watu. Winnie hamsafishi wala hamsulubishi na kwangu huo ndo ujasiri wa kitabu chenyewe, sababu msaidizi ndo anajua nani kaitwa wapi saa ngapi, na hapohapo akifungua mdomo ndo wa kwanza kufukuzwa.

Kinachoudhi ni vidokezo, yaani kila saa unakumbushwa laiti ningejua laiti ningejua mpaka unachoka. Kurasa za kutafuta hela ya filamu mimi nilizipenda sana, mwenye haraka atazirukaruka.

Kina unyanyasaji wa kingono, kama hilo ni kidonda kwako soma taratibu. Nakipa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa vile vidokezo tu.